Mrengo wa Kushoto Uko Wapi? Somo la Vyama vya Siasa vya Afrika Kusini



Kila mwaka wenzetu wapya wakifika hapa Durban, awe ametoka Mombasa, Mwanza, Bujumbura au Kampala, akishapata chumba na kujua teksi ipi inakwenda mjini, swali la siasa halichelewi. Hivi hawa ANC ni wa kushoto au wa kulia? Na EFF je? Na hiki chama cha Mzee Zuma nacho tukiweke wapi? Wahariri wameniomba niandike somo. Mimi ni mtu wa uhandisi, siyo wa sayansi ya siasa, kwa hiyo nitakwenda kwa hesabu na mifano, na penye maoni yangu nitasema kwamba hayo ni yangu.

Niweke jambo moja wazi mapema. Mimi moyo wangu uko kushoto. Naamini shule, hospitali, maji na umeme ni haki kwanza, biashara baadaye, na mfanyakazi anastahili chama chenye meno. Ningekuwa na kura hapa ningetafuta chama cha namna hiyo. Sina kura, na wengi wenu hamna. Lakini tuna sababu mbili za kujifunza. Kwanza, hawa tusiowachagua ndio wanaoamua habari za viza zetu, kliniki zetu na usalama wetu mtaani. Pili, tutarudi nyumbani, na huko tutapiga kura. Mtu akishaona jinsi maneno ya siasa yanavyoweza kuvaliwa na kuvuliwa hapa, hadanganyiki kirahisi kule.

SOMO LA KWANZA: KUSHOTO MAANA YAKE NINI?

Asili ya neno ni viti tu. Ufaransa mwaka 1789, katika baraza la wawakilishi, waliotaka mfalme apunguziwe madaraka walikaa kushoto kwa mwenyekiti, na waliomtetea mfalme walikaa kulia. Basi jina likabaki.

Msidhani jambo hili ni la Wazungu peke yao. Sisi Watanzania tulilikuta nyumbani likiwa na jina lake, Ujamaa, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 lililofuatiwa na kutaifishwa kwa benki. Kenya, Jaramogi Oginga Odinga alitoka KANU mwaka 1966 akaanzisha KPU, kikapigwa marufuku mwaka 1969. Uganda, mwaka huohuo 1969, Obote alitoa Hati ya Mwananchi wa Kawaida. Kila mmoja wetu ana babu au mjomba mwenye hadithi ya mambo hayo, nzuri au mbaya.

Kwa ajili ya somo hili tutumie maswali matatu tu. Nani analipa? Nani anapata? Nani ana sauti? Chama cha kushoto ni kile ambacho, siku ya kuamua, kinamtaka mwenye nacho alipe zaidi, asiye nacho apate zaidi, na mtu wa chini asikilizwe. Nimesema siku ya kuamua, sikusema siku ya mkutano wa hadhara. Shikeni tofauti hiyo, tutairudia.

SOMO LA PILI: HESABU YA VITI

Nyumbani, Kenya na Tanzania, mbunge wa jimbo la uchaguzi anapatikana kwa njia rahisi: mwenye kura nyingi ndiye mshindi. Akipata 40 katika 100, na wengine wawili wakapata 35 na 25, yule wa 40 anachukua kiti, na kura 60 zimekwenda na maji. Ndiyo maana mtu wa kushoto kule huambiwa kila mara, "Usipoteze kura yako kwa chama kidogo."

Hapa siyo hivyo. Bunge la Taifa lina viti 400, na viti hugawanywa kwa uwiano wa kura. Mwaka 2024 kura halali zilikuwa kama milioni 16. Gawanya kwa 400, unapata kiti kimoja kwa kila kura kama 40,000. Hakuna kiwango cha chini ambacho chama lazima kikifikie. Chama cha GOOD kilipata asilimia 0.18 tu na bado kikapata kiti kimoja. Matokeo makubwa ya Mei 2024 yalikuwa hivi:

ANC: asilimia 40.18, viti 159
DA: asilimia 21.81, viti 87
MK: asilimia 14.58, viti 58
EFF: asilimia 9.52, viti 39
IFP: asilimia 3.85, viti 17

Viti 40 vilivyobaki viligawanywa kwa vyama vingine 13.

Sasa hapa ndipo mtu wa kushoto anapoishiwa kisingizio. Ukimsikia mtu anasema mrengo wa kushoto haushindi kwa sababu mfumo unaonea wadogo, mwulize habari ya SRWP. Hiki kilikuwa chama cha kisoshalisti kilichozaliwa na NUMSA, chama cha wafanyakazi wa vyuma chenye wanachama zaidi ya laki tatu. NUMSA ilikuwa imefukuzwa kwenye shirikisho la COSATU mwaka 2014 kwa sababu iligoma kuendelea kuiunga mkono ANC. Mwaka 2019 SRWP kikaingia kwenye uchaguzi. Kilipata kura 24,439, yaani asilimia 0.14, na kiti hakikupata. Hata tukisema kila kura ilitoka kwa mwanachama wa NUMSA, ni chini ya mmoja katika kumi. Wenzao wa Al Jama-ah, chama kidogo cha Waislamu, kwa asilimia 0.18 waliingia bungeni mwaka huohuo.

Kwa nini? Nadhani kuna mambo mawili. Kwanza chama kilizinduliwa rasmi Aprili 2019 na uchaguzi ulikuwa tarehe 8 Mei. Mwezi mmoja hautoshi hata kuchapisha fulana. Pili, mtu anajiunga na chama cha wafanyakazi ili apate nyongeza ya mshahara na mtetezi akionewa kazini. Kura yake ya kisiasa ina mizizi mingine: ukoo, kanisa, mtaa, kumbukumbu za mapambano. Uongozi wa NUMSA ulikuwa na watu kwenye daftari, ukadhani unao pia kwenye sanduku la kura.

Hesabu nyingine. ANC ilipata kura kama milioni 10 mwaka 2019, na kama milioni 6.5 mwaka 2024. Imepoteza milioni tatu na nusu. Chama cha MK kilipata milioni 2.3. Hata tukisema zote zilitoka ANC, bado zaidi ya milioni moja hatujaziona. EFF nao walipungua, DA nao walipungua kidogo. Basi zimekwenda wapi? Nyingi zilibaki nyumbani. Walioandikishwa walikuwa milioni 27.8, na zaidi ya milioni 11 kati yao hawakwenda kituoni. Hao ni wengi kuliko wote walioichagua ANC.

SOMO LA TATU: VYAMA VINAVYOJIITA VYA KUSHOTO

Tuanze na ANC na washirika wake. ANC inatawala kwa ushirika na Chama cha Kikomunisti, SACP, kilichoanzishwa mwaka 1921, na shirikisho la wafanyakazi, COSATU. Ninyi mnaosoma hapa mjue mnatembea juu ya historia hiyo. Januari 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha matofali cha Coronation, hapahapa Durban, waligoma kudai mshahara, na moto ukasambaa viwanda vya mji mzima mpaka makumi ya maelfu wakawa nje. Vyama vya wafanyakazi weusi vikafufuka kutokana na migomo ile. Rick Turner, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Natal aliyewapa wafanyakazi moyo, alipigwa risasi nyumbani kwake Januari 1978. COSATU yenyewe ilizinduliwa mwishoni mwa mwaka 1985 katika chuo hichohicho, ambacho leo ni sehemu ya UKZN.

Mtu wa Morogoro naye asijione mgeni katika habari hii. Mkutano mkubwa wa ANC wa mwaka 1969 ulifanyika kwetu Morogoro, na shule yao ya Solomon Mahlangu ilikuwa Mazimbu. Sehemu ya siasa hizi ilipikwa kwenye jiko letu.

Sasa tazama kilichotokea baada ya uhuru. Mwaka 1996 serikali ya ANC ilileta mpango wa uchumi ulioitwa GEAR: kubana matumizi, kufungua soko, kubinafsisha. COSATU na SACP walilalamika, lakini hawakutoka. Badala ya kutoka wakatafuta mtu. Desemba 2007, kwenye mkutano wa Polokwane, walimpigania Jacob Zuma dhidi ya Thabo Mbeki, wakiamini kwamba Zuma ni wa wafanyakazi. Miaka kumi baadaye haohao walikuwa wanamtaka ajiuzulu, na Februari 2018 akajiuzulu. Somo la hapo ni kali kidogo: mrengo wa kushoto ulikuwa na sera, ukaiweka pembeni ukamkumbatia mtu, mwisho ukakosa vyote viwili.

Kwa wanafunzi kuna mfano ulio karibu zaidi. Oktoba 2015 vyuo vyote vilipowaka moto kwa madai ya ada, waziri wa elimu ya juu alikuwa Blade Nzimande, ambaye wakati huohuo alikuwa Katibu Mkuu wa Chama cha Kikomunisti. Hebu fikiria. Wanafunzi wanadai elimu bure, na anayewajibu kwa niaba ya serikali ni mkomunisti namba moja wa nchi. Simlaumu yeye binafsi, waziri anafungwa na baraza lake. Lakini jina la chama halikuwasaidia wanafunzi. Kilichowasaidia ni kuingia barabarani wenyewe: ada za mwaka 2016 hazikupandishwa, na Desemba 2017 ikatangazwa elimu ya juu ya bure kwa familia zenye kipato kisichozidi randi 350,000 kwa mwaka.

Desemba 2024 SACP hatimaye waliamua kusimama wenyewe katika uchaguzi wa serikali za mitaa, ambao ulipangwa ufanyike kati ya Novemba 2026 na Januari 2027. Walishawahi kujaribu mahali padogo: mwaka 2017 huko Metsimaholo, Free State, walipata viti vitatu. Mimi nawaunga mkono katika uamuzi huo, ila nawakumbusha zile kura 24,439.

EFF kilianzishwa Julai 2013 na Julius Malema baada ya kufukuzwa ANC. Wanasema ardhi ichukuliwe bila fidia, migodi na benki vitaifishwe. Walipata asilimia 6.35 mwaka 2014, 10.79 mwaka 2019, halafu wakashuka mpaka 9.52. Ukiwasikiliza bungeni, hoja zao kuhusu mfanyakazi wa usafi na mlinzi wa getini nyingi ni za kweli. Tatizo langu kwao ni swali la tatu: nani ana sauti? Kiongozi ni yuleyule tangu siku ya kwanza, na kwenye mikutano mikuu ya 2019 na 2024 hakupata mpinzani.

MK ni chama kilichotangazwa na Zuma Desemba 2023, na kilichukua jina la jeshi la zamani la ukombozi. Hapa KwaZulu-Natal kilipata asilimia 45.35 na viti 37 kati ya 80. Ili kukiweka nje ya serikali ya jimbo, Juni 2024 ilibidi IFP, ANC, DA na NFP waungane, wakapata viti 41 kwa 39, na Thami Ntuli wa IFP akawa Waziri Mkuu wa jimbo. Kushoto au kulia? Ilani yake ina kutaifisha na ardhi bila fidia, lakini pia inataka machifu waongezewe nguvu na katiba isiwe juu ya bunge. Viongozi wake wakuu hadi mwaka 2025 walikuwa wa kuteuliwa na Zuma mwenyewe. Floyd Shivambu alihama EFF Agosti 2024, akawa katibu mkuu wa MK, na Juni 2025 akavuliwa. Chama ambacho katibu mkuu anaingia na kutoka kama mgeni wa hoteli, mimi siwezi kukiita cha wanyonge hata kikiimba nyimbo zote za mapambano.

DA sina haja ya kukaa nacho sana. Ni chama cha soko huria na kinasema hivyo waziwazi. Tangu Juni 2024 kimo ndani ya serikali ya umoja wa kitaifa pamoja na ANC, jambo ambalo SACP walilipinga kwa nguvu.

SOMO LA NNE: SIKU YA KUAMUA

Niliwaambia mshike tofauti ya mkutano wa hadhara na siku ya kuamua. Siku hiyo ilikuja mwaka 2025, kwa jina la VAT.

Tufahamiane kwanza kwa nini VAT ni jambo la kushoto na kulia. Mtu anayepata randi 5,000 kwa mwezi anazimaliza zote. Anayepata 60,000 labda anatumia nusu, nusu nyingine inakwenda benki au kwenye hisa. VAT inatozwa kwenye kinachotumika. Kwa hiyo wa kwanza anaguswa kipato chake chote, wa pili nusu tu. Hapa wamepunguza makali kwa kutotoza baadhi ya vyakula, kama unga wa mahindi, mchele, mkate wa kahawia, mayai na maharage makavu. Lakini sabuni, nguo na kuku vinatozwa. Kwetu ni vilevile: Kenya asilimia 16, Tanzania bara na Uganda 18.

Februari 2025 Waziri wa Fedha, Enoch Godongwana wa ANC, alitaka kupandisha VAT kutoka asilimia 15 hadi 17. Washirika serikalini wakakataa, na hotuba ya bajeti ikaahirishwa siku yenyewe. Machi akarudi na pendekezo la nusu asilimia mwaka huo na nusu nyingine mwaka unaofuata. Tarehe 2 Aprili Bunge likapiga kura: 194 walikubali mpango wa bajeti, 182 walikataa.

Nani walikuwa upande upi? ANC, chama cha wanyonge kwa jina, walikubali, wakisaidiwa na IFP, ActionSA na vyama vingine vidogo. Waliokataa ni EFF na MK, na pamoja nao DA, chama cha soko huria kilichokuwa ndani ya serikali hiyohiyo! EFF na DA wakaenda pia mahakamani. Tarehe 24 Aprili waziri akatangaza kwamba VAT haipandi.

Je, DA wamekuwa wa kushoto? Hapana. DA walitaka serikali ipunguze matumizi. EFF walitaka makampuni na matajiri walipe zaidi. Kura ni moja, sababu ni mbili tofauti kabisa. Tazameni na mwisho wake: bajeti ya tatu ya mwezi Mei ilipandisha tozo ya mafuta, na kila anayepanda teksi kwenda kazini anajua nani hulipa mafuta yakipanda. Kwa hiyo mpiga kura wa kushoto hawezi kutazama kura peke yake. Atazame kura, kisha aulize: pesa hizo mlitaka zitoke wapi badala yake? Jibu la swali hilo ndilo linaloonyesha mrengo.

Wala tusiwanyime ANC haki yao. Serikali yao ndiyo iliyoweka kima cha chini cha mshahara cha taifa Januari 2019, randi 20 kwa saa, na kufikia Machi 2025 kilikuwa randi 28.79. Mei 2024 Rais Ramaphosa alisaini sheria ya bima ya afya ya taifa, na Januari 2025 sheria ya utwaaji wa ardhi. Hizo ni sheria za kushoto. Chama kimoja kinaweza kuwa kushoto Jumatatu na kulia Jumatano.

SOMO LA TANO: WENYE MABANDA WANAVYOPIGA KURA

Kama mnataka kumwona mpiga kura wa kushoto anayefikiri, msiende mbali. Mwaka 2005 watu wa mtaa wa mabanda wa Kennedy Road, hapa Clare Estate, walifunga barabara baada ya ardhi waliyoahidiwa kwa ajili ya nyumba kupewa matumizi mengine. Ndipo ikazaliwa Abahlali baseMjondolo, yaani wakazi wa mabanda. Walisema wazi: bila ardhi na nyumba, hakuna kura. Oktoba 2009 waliishinda serikali ya jimbo kwenye Mahakama ya Katiba, kuhusu sheria ambayo ingerahisisha kuwafukuza watu kwenye mabanda.

Mwaka 2014 wakafanya jambo lililowashangaza marafiki zao wote: waliwaunga mkono DA katika jimbo hili. Wasomi wa kushoto waliwashambulia sana. Wao wakajibu kwamba ANC ya mtaani kwao ndiyo inayowabomolea na kuwatisha, na kura ni fimbo ya kuiadhibu, siyo ndoa. Mwaka 2024 kwa hoja hiyohiyo waliwaomba wanachama wao wawapigie EFF.

Hapa nasema mimi. Ile ya 2014 nisingeifanya. Chama kinachoamini soko hakitakujengea nyumba kwa sababu umemsaidia kumwadhibu jirani yake. Lakini naheshimu namna walivyofanya: walikaa mikutanoni, wakajadili, wakaamua pamoja, na baada ya uchaguzi wakarudi kwenye kazi yao bila kuvaa fulana ya mtu. SRWP walikuwa na nadharia nzuri bila watu. Abahlali wana watu, na kura yao wanaibeba wenyewe. Ningelazimika kuchagua pa kuanzia, ningeanzia kwa hawa wa pili.

SOMO LA SITA: MGENI NDIYE KIPIMO

Nimebakiza jambo linalotugusa sisi moja kwa moja. Mgeni hana kura. Mwanasiasa akimtetea hapati kitu, akimshambulia anapata makofi. Kwa hiyo mgeni ni kipimo kizuri cha chama: kinamtendeaje mtu ambaye hana cha kukilipa?

Aprili 2008, wafanyakazi wa bandari ya Durban wa chama cha SATAWU walikataa kupakua silaha kutoka meli ya Kichina, An Yue Jiang, zilizokuwa zikienda Zimbabwe wakati wa mgogoro wa uchaguzi kule. Hawakupata senti kwa kufanya hivyo. Mwezi uliofuata, Mei 2008, vurugu dhidi ya wageni zilianzia Alexandra na kusambaa nchini, zaidi ya watu 60 wakauawa. Tabaka ni lilelile, maskini ni walewale. Mahali pamoja kulikuwa na chama cha wafanyakazi chenye mazoea ya kufikiri pamoja. Mahali pengine palikuwa na njaa na maneno ya wanasiasa.

Aprili 2015 vurugu zilikuja hapahapa Durban. Mwaka 2025 vikundi vya kupinga wageni vilisimama kwenye mageti ya hospitali na kliniki za umma za mji huu na kuwazuia watu kwa kuangalia vitambulisho vyao. Ndugu zetu Wakongo wanaolinda magari kule pwani, wanaoongea Kiswahili kama sisi, ndio wa kwanza kuumia, kuliko sisi tuliobeba kadi za chuo.

Pimeni vyama kwa hilo. Malema mwaka 2018 alisema Kiswahili kiwe lugha ya Afrika nzima, nasi tulifurahi. Januari 2022 huyohuyo aliingia kwenye migahawa ya Midrand kukagua ni wageni wangapi wameajiriwa. Alisema anawatetea wafanyakazi dhidi ya waajiri. Mimi nasema mwajiri anayelipa chini ya kima cha chini ashtakiwe kwa mshahara anaolipa, bila kuuliza pasi ya anayeosha vyombo. Ukianza kuhesabu pasi, umeshahama kutoka swali la mshahara kwenda swali la kabila. Abahlali, maskini kuliko wote niliowataja, ndio wamesimama imara: kwao anayeishi kwenye banda ni mkazi, awe amezaliwa Ulundi au Uvira.

TUNAKWENDA NALO NYUMBANI

Nini cha kufunga kwenye sanduku siku ya kurudi? Kwanza, usipime chama kwa jina, rangi wala wimbo. Pima kwa kura yake siku ya fedha. Vijana wa Kenya walifanya hivyo Juni 2024: walisoma Muswada wa Fedha wenyewe, kifungu kwa kifungu, wakajua mbunge gani kapiga kura gani, na Rais akakataa kuusaini. Wengine walilipa kwa maisha yao, na hilo tusilipite haraka. Pili, uliza viongozi wamepatikanaje. Tatu, tazama asiye na kura anatendewaje: mkimbizi wa Kakuma, mfugaji aliyehamishwa, mfanyakazi wa ndani.

Na Watanzania wenzangu, hesabu zote hizi zinahitaji karatasi ya kura iliyo huru kwanza. Oktoba 2025 CHADEMA haikuwamo kwenye karatasi ile. Unaweza kuwa wa kushoto au wa kulia, lakini kabla ya kubishana nani apite mlango upi, lazima mlango uwe wazi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kama Kenya au Tanzania wangegawa viti vyote vya bunge kwa uwiano wa kura, ni vyama gani vipya vingeingia? Vingekuwa vya sera au vya kabila?

2. Abahlali walikosea mwaka 2014, au wasomi ndio waliokosea?

3. Taja kura moja ya bajeti nchini kwako. Nani aliikubali, nani aliikataa, na alitaka pesa zitoke wapi?

4. Sisi tulioko huku bila kura, tuna wajibu gani kwa ndugu zetu wa kule pwani?

Swali la nne tusilijibu kwa maneno tu. Wenye gari, wenye Kizulu kizuri na wenye muda Jumamosi, tuwasindikize wenzetu kliniki. Haihitaji kura.